Kiti Kina Nambari, Rafu ya Juu Haina

Desemba iliyopita, kama saa tisa na robo alasiri, simu ya duka iliita. Alikuwa mama mmoja tuliyemkatia tiketi ya treni ya SGR ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kugombana. "Kuna kijana amekaa kitini pangu na hataki kuondoka. Hebu zungumza naye wewe." Kabla sijafungua mdomo, kijana akapewa simu. Tukasalimiana, tena kwa adabu zote, nikamwomba anisomee tiketi yake. Kiti 43, behewa la 7. Nikafungua daftari letu nikatazama tiketi ya mama: kiti 43, behewa la 9.

Treni ilikuwa imeshaiacha stesheni ya Miritini. Ikabidi mama avuke mabehewa mawili akiwa na mjukuu wa miaka miwili mgongoni, sanduku la magurudumu mkono mmoja na shangazi kaja, ule mfuko mkubwa laini wa safari, mkono wa pili, akiomba njia kila hatua. Alipofika kwenye kiti chake alikikuta kitupu, kinamngoja. Rafu ya juu yake ndiyo iliyokuwa imejaa pomoni. Shangazi kaja lake akalipakata hadi Voi.

Kwa idhini yake nakisimulia kisa hiki, na siku hizi yeye mwenyewe hukicheka. Sisi hapa Mwembe Tayari, mjini Mombasa, kazi yetu ni kuwakatia watu tiketi, kuwachapishia na kuwapigia picha za pasipoti, lakini msimu wa likizo ukifika huwa kama wazee wa baraza: tunasuluhisha ugomvi wa viti kwa simu. Basi nimeona bora niandike mara moja, anayetaka asome kabla hajapanda.

Nianze na nambari. Behewa la daraja la kawaida lina viti 118, na kila behewa huanza kuhesabu upya. Kwa hiyo kiti 43 kimo ndani ya kila behewa, na kila kimoja kina mwenyewe. Tiketi ina nambari mbili, na ya kutazama kwanza ni ya behewa, tena uitazame ungali chini jukwaani, ambapo kutembea ni rahisi. Ukishaingia ndani na mizigo, njia ya katikati haiwatoshi watu wawili wanaopishana na masanduku. Tiketi tunazochapisha sisi siku hizi tunaizungushia duara nyekundu nambari ya behewa. Wapo wanaotucheka. Na wacheke.

Viti vyenyewe vimepangwa vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili, vikielekeana, katikati kimeza kidogo. Hapo ndipo linapotokea lalamiko la pili: "Mmenikatia kiti cha kurudi nyuma." Ndiyo, nusu ya abiria wa daraja hilo husafiri migongo yao ikitangulia, na hakuna wakala anayeweza kuzigeuza reli. Kama kichwa hukuzunguka ukienda kinyumenyume, mwombe aliye mbele yako mbadilishane mapema, kabla hajatandaza leso yake na kufungua viazi karai. Watu wengi hukubali. Kinachowagombanisha zaidi ni dirisha. Mkishapita Voi na kuingia Tsavo kila mtu anataka kuwaona ndovu, na aliyekaa njiani huanza kumlalia mwenziwe begani. Mwenye tiketi ya dirishani halazimiki kumpisha mtu. Akikupisha, mshukuru.

Familia kutenganishwa ni jambo jingine, na hapa kosa moja nilifanya mwenyewe. Kabla ya Idd fulani nilikuwa na foleni hadi nje ya mlango, nikawakatia watu saba wa nyumba moja kwa simu mbili, mimi nusu na kijana wangu nusu. Wakaangukia mabehewa matatu. Bibi yao alikaa peke yake kati ya wanafunzi waliokuwa wakirudi chuo, na mpaka leo hajanisamehe vizuri, ingawa ada yetu tuliirudisha yote. Tangu siku ile kundi la nyumba moja tunalikatia kwa mpigo mmoja, na majina na nambari za vitambulisho vya wote tunavitaka mezani kabla ya kugusa simu. Hata hivyo, treni ikikaribia kujaa viti vinavyobaki ni vya hapa kimoja na pale kimoja, na hapo hata ujanja hausaidii. Shule zikifungwa, Pasaka, Idd mbili na Desemba nzima, njooni mapema.

Mtoto aliye chini ya miaka mitatu halipiwi nauli, na kwa sababu hiyo hana kiti. Wa miaka mitatu hadi kumi na mmoja hulipa nusu na ana kiti chake. Nawasihi akina mama wenye mtoto wa miaka miwili na nusu, mnene, anayelala akijinyoosha: fikirieni saa tano au sita za kumpakata, na nauli ya daraja la kawaida tangu Januari 2024 ni shilingi 1,500 kwa kila mtu mzima. Kiti hicho cha kando msichokilipia atakuja kukaa mtu.

Sasa rafu. Kiti chako kimeandikwa jina lako kwenye tiketi, lakini rafu iliyo juu ya kichwa chako haina jina la mtu. Aliyetangulia kupanda ndiye aliyetangulia kuweka, na hakuna sheria ya dini wala ya serikali itakayomfanya mtu ashushe sanduku lake kwa sababu wewe ndiye unayekaa chini yake. Magomvi mengi ninayopigiwa simu huanza na kiti kwa maneno tu. Ukiuliza vizuri, utakuta ni rafu.

Tena jambo hili wengi hawalioni: rafu zimepita pande zote mbili za behewa kwa urefu ule ule. Upande mmoja chini yake wamekaa watu watatu kila safu, upande wa pili wawili. Fanya hesabu. Wale sita wanaoelekeana huku wanagawana kipande cha rafu kilicho sawa na cha wale wanne wa kule. Ndiyo maana upande wa watatu hujaa kwanza, na ndiyo maana ukikosa nafasi juu yako, macho uyapeleke ng'ambo ya njia kabla ya kupeleka mguu behewa jingine. Na ukiweka mzigo ng'ambo, uweke pale unapouona ukiwa umekaa.

Daraja la kwanza ni shilingi 4,500, viti viwili na viwili, abiria 72 kwa behewa. Watu hudhani wanalipia upana wa kiti. Mimi mwenye mizigo naona wanalipia rafu, maana watu 72 ndio wanaoigawana badala ya 118. Kwa mtu mmoja mwenye mkoba tu sioni haja. Kwa bibi harusi anayekwenda na masanduku matatu, naiona.

Mteja mmoja mzee hupenda kunikumbusha treni ya zamani, ile ya usiku iliyoondoka katikati ya mji hapa, kabla haijasimama mwaka 2017. Daraja la kwanza chumba cha watu wawili, la pili cha wanne, vitanda na shuka, sanduku unalisukuma chini ya kitanda na kulala juu yake kama kuku juu ya mayai. Namwelewa. Lakini pia namkumbusha kwamba ile treni ulijua saa ya kuondoka tu, ya kufika alijua Mungu.

Turudi kwenye kufunga mizigo, maana hapo ndipo mtu anaweza kujisaidia. Mabegi mawili madogo yanaingia mahali ambapo moja kubwa halitaingia, moja juu na jingine kati ya miguu au chini ya kiti. Shangazi kaja ni rafiki wa safari za basi, ambako utingo hulitupa butini na hesabu ikaisha. Kwenye rafu hufura kama andazi na kumsukuma jirani. Sanduku gumu la magurudumu lina ubaya wake pia: halikunjiki, na likiwa zito mtu mfupi hawezi kuliinua hadi juu bila kumwangukia mwenziwe. Usilinyanyue peke yako, omba kijana. Vijana wa treni hii, nakiri, wana heshima kuliko wanavyosemwa.

Vitu vya majimaji visipande juu kabisa. Mwenzangu mmoja alisafiri na kanzu nyeupe, siku ya pili ya Idd, akakaa chini ya ndoo ya achari ya maembe iliyofungwa kwa karatasi ya nailoni na mpira. Kufika Mtito Andei, bega lote la kulia lilikuwa na ramani ya Afrika kwa rangi ya manjano. Mwenye ndoo alikuwa amekaa safu nne mbele, amelala usingizi. Achari, samaki wa kukaanga, maziwa lala, vyote viwe miguuni pako ndani ya chombo chenye kifuniko cha kuzungusha. Maembe yenyewe weka kwenye katoni, si kwenye kiroba.

Kabla ya yote hayo kuna ukaguzi. Stesheni mabegi hupangwa mstari chini, mbwa wakapitishwa, halafu mizigo ikaingia kwenye mashine. Visu, mafuta ya taa na mitungi ya gesi havipiti, na hata kisu kipya cha jikoni cha kumpelekea dada yako kitakuchelewesha. Wenye mabegi mengi huchelewa hapo, na anayechelewa hapo ndiye anayeikuta rafu imejaa. Ukihesabu na foleni ya magari ya Changamwe, mimi mwenyewe kwa treni ya saa tisa hutoka mjini saa sita na nusu.

Kwa mizigo ambayo kusema kweli si ya treni, yaani magunia, sufuria za shughuli, mazulia, makatoni zaidi ya mawili, tunayo huduma ya kuitanguliza. Ulete siku moja kabla, kabla ya saa kumi jioni. Tunakufungia, tunaandika jina na simu ya mpokeaji pande mbili, na tunaupeleka ofisi ya vifurushi ya mabasi yanayoondoka usiku hapa hapa jirani. Risiti ya basi unapewa wewe, si sisi tunaokaa nayo. Wewe ukipanda treni asubuhi, mzigo umeshalala njiani, na Nairobi anauchukua mtu wako. Gharama ya basi unailipa kama ilivyo kwenye risiti, juu yake ada yetu ya kufunga na kupeleka ni shilingi 150. Tiketi tunatoza shilingi 100 juu ya nauli, na nauli ni ile iliyochapishwa. Anayekuuzia tiketi yenye jina la mtu mwingine kwa bei ya juu, mwachie tiketi yake, maana kitambulisho kitakuumbua mlangoni.

Ukutani, nyuma ya mashine ya kuchapisha, nimepigilia ubao niliokata kwa kipimo cha rafu, nilichokichukua mwenyewe kwa futi ya mshonaji huku abiria wakinitazama kama mwehu. Leteni begi tulijaribu kabla hamjalijaza. Ijumaa tunafunga saa sita hadi saa nane kwa ajili ya swala. Siku nyingine tupo hadi saa mbili usiku.