Risala kwa Mgeni wa Heshima: Uzinduzi wa Mashine ya CNC, Lamu

Mheshimiwa mgeni wa heshima, mwenyekiti wa bodi, mwalimu mkuu, walimu wetu, mafundi wa nakshi, wazazi na wanafunzi wenzetu: Assalaam alaykum.

Sisi wanafunzi wa karakana tunakukaribisha kwa furaha kubwa. Umeacha shughuli zako ukaja kuiona mashine tuliyoiunda wenyewe, ya kukata mbao na alumini kwa kuongozwa na kompyuta. Tunakushukuru.

Mheshimiwa, wengi wakiiona huuliza kwanza nguvu ya mota. Sisi tungependa uulize uimara wa fremu. Kisu kikiingia kwenye alumini, alumini nayo hukisukuma. Daraja linalobeba spindo, yaani mota inayozungusha kisu, likilegea hata kidogo, kisu hurudi nyuma kisha huruka mbele, na hapo mashine huanza kunguruma na kuacha mawimbi juu ya kazi. Kwa mbao utapiga msasa yaishe. Kwa alumini, kisu huvunjika.

Ndiyo maana tulichomelea mabomba ya chuma ya mraba, milimita 100 kila upande, na nguzo za daraja tukaziweka fupi. Nguzo ikirefushwa mara mbili, kwa msukumo ule ule hupinda mara nane. Hesabu hiyo ilipofanywa ubaoni, ubishi juu ya kimo uliisha.

Lakini chuma kikichomelewa hujikunja kwa joto, na reli ambazo daraja hutelezea zikifungwa juu yake, daraja hukwama. Karakana yetu haina mashine ya kusawazisha chuma. Tulizungushia ukingo pale reli zinapokaa, tukamimina epoksi nyepesi, gundi ya majimaji inayokauka ikawa ngumu, tukatoa mapovu, tukaiacha ijitandaze yenyewe kama maji kwenye sinia. Ilipokauka, tulipata uso ulionyooka. Hiyo ndiyo kazi tunayojivunia kuliko zote. Tafadhali ipitishie kidole utakapoikagua.

Mota hupiga hatua 200 kwa mzunguko mmoja, na mzunguko huo wa skrubu ya gololi, skrubu ndefu inayozungushwa na mota, husogeza daraja milimita 5. Basi kila hatua ni milimita 0.025. Fremu ingelegea, hesabu hiyo ingebaki kwenye karatasi.

Wazee wetu wameuliza kama mashine itawanyang'anya mafundi patasi. Mji wa kale wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na milango ya nakshi ni fahari yake. Tunasema wazi mbele yao: hatutaki mlango wa mashine uuzwe kwa jina la kazi ya mkono. Mashine itakata mbambakofi kwa vipimo, itatoboa matundu ya viungo, itachonga umbo la awali la mfaa, ule mti wa katikati ya mlango. Maua na minyororo ya nakshi ni ya fundi. Kwa alumini, tunalenga pleti za kufungia mashine za boti.

Mheshimiwa, tuna maombi. Lililo kubwa ni mashine ya kunyonya vumbi, maana vumbi la mbao ngumu tunalivuta sote, pamoja na mwalimu wetu. Pili, chumba kinachofungika, kwani hewa ya chumvi inazila reli. Tatu, kompresa ya kupulizia chenga za alumini. Zikibaki kwenye mkato hupata moto na kugandia kisu.

Kipande cha alumini kimeshafungwa mezani. Tunakuomba usogee, uvae miwani, ubonyeze kitufe cha kijani.

Ahsante sana.

Ni sisi, wanafunzi wa karakana.