Malalamiko: dawa yenu ya kutoa kaboni kwenye chemba ya bunduki ni dawa ya kutoa shaba iliyobandikwa stika

Kwa meneja na kitengo cha huduma kwa wateja,

Habari za kazi. Nawaandikia nikiwa Itigi, nimeshuka kutoka kambini Rungwa kwa ajili ya hii barua tu maana kule juu mtandao hakuna. Mimi ndio natunza silaha za kambi, mwaka wa 14 huu, bunduki zote za wawindaji bingwa zinapita mikononi mwangu kila jioni kabla watu hawajala. Kwa hiyo nikiwaambia dawa yenu haifanyi kazi iliyoandikwa kwenye chupa naomba msinijibu kwamba sijui kutumia, kijana wenu wa kwenye simu ameshanijibu hivyo mara mbili.

Mwezi wa 6 nilinunua dukani kwenu chupa mbili za dawa ya kutoa kaboni na brashi ya chemba ya .375, jumla shilingi 118,000, risiti ninayo. Kijana wa kaunta nilimweleza shida yangu vizuri kabisa, nikamwambia sio mtutu, ni chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, masizi yameganda pale mbele ganda la risasi linapoishia na mtutu unapoanzia, yamekuwa magumu kama lami. Akasema kaka chukua hii, loweka usiku kucha, asubuhi kaboni yote imetoka. Na kwenye chupa kumeandikwa hivyo hivyo kwa Kiswahili, kaboni yote, usiku kucha.

Bunduki yenyewe ni Brno ZKK 602, ya Chekoslovakia ya zamani kabla nchi haijagawanyika, kaliba .375 H&H. Hiyo kaliba imetoka mwaka 1912 na mpaka leo watu wanaipenda kwa nyati kwa sababu moja kubwa, ganda lake ni refu na limechongoka taratibu, linaingia laini linatoka laini hata mkono ukiwa unatetemeka. Sasa ukiona .375 inagoma kutoka ujue kuna kitu. Tulikuwa tunailenga kwenye karatasi mita 100 kabla msimu haujafunguliwa Julai, risasi ya kwanza sawa, ya pili bolti, lile komeo la kufunga chemba, ikagoma kuinuka, nikaipiga na kiganja ndio ikafunguka, ganda likatoka na mkwaruzo mweusi shingoni na fataki ya nyuma, pale pini inapogonga, imebonyea bapa kabisa. Bapa vile maana yake presha imepanda, mdomo wa ganda unabanwa na masizi haupati nafasi ya kuachia risasi.

Hii ni bunduki ya akiba, yaani ndio ile mwindaji bingwa anaishika nyuma ya mgeni, mgeni akikosea nyati akageuka ndio inayotakiwa iseme mara mbili, mara tatu, bila kusita. Nyati aliyejeruhiwa hasubiri mtu apige bolti na kiganja. Na mbele yao kuna msomaji nyayo ambaye hana bunduki kabisa, ana fimbo tu, na yule mzee ana watoto sita na mimi nawajua wote kwa majina. Ndio maana hili jambo limeniuma.

Nikafanya kama chupa inavyosema. Nikahakikisha bunduki tupu, nikatoa bolti, nikaloweka kitambaa nikakisokomeza kwenye chemba, nikaiacha usiku kucha. Asubuhi kitambaa kimetoka cha bluu, bluu ya kung'aa kabisa, nikafurahi nikajua dawa inakula uchafu. Nikarudia siku tatu, kila siku bluu, na kila siku nikipiga risasi moja na kulijaribu ganda lake kwa lile jaribio letu linagoma vile vile. Kama hamlijui nitawaambia: chukua ganda ambalo limepigwa sasa hivi kwenye bunduki hiyo hiyo, chukua kichwa cha risasi kipya, kidumbukize kwenye shingo ya ganda kwa vidole viwili tu. Chemba ikiwa safi kinazama chenyewe. Changu kiligoma mlangoni, siku zote tatu.

Siku ya nne ndio nikaanza kujiuliza kuhusu ile harufu. Ukifungua chupa yenu machozi yanatoka, inanuka kama zizi lililofungwa wiki nzima, na mtu yeyote aliyesafisha bunduki anajua hiyo ni amonia. Amonia inatoa shaba! Ile bluu yote niliyokuwa nashangilia ni shaba ya maganda ya vichwa vya risasi iliyobaki kwenye mtutu na kuchuruzikiwa na dawa, kaboni haijaguswa hata kidogo. Nikaweka chupa kwenye maji ya moto, stika yenu ikalegea kona, nikaivuta polepole na kucha, na chini yake kuna lebo ya kiwanda yenyewe, ya Kiingereza. Imeandikwa kwa herufi kubwa ni dawa ya kutoa shaba. Na chini imeandikwa usiiache kwenye mtutu zaidi ya dakika 15.

Dakika 15 jamani. Nyinyi mmeandika usiku kucha. Amonia ikilala kwenye chuma muda mrefu inaweza kuanza kukila, inaacha vitundu, na kwenye vitundu ndio masizi yanashika vizuri zaidi na kutu inaanza. Mimi nimeilaza usiku tatu kwa maneno yenu.

Brashi nayo. Mmeiuza kama shaba nyeusi. Nikachomoa unywele mmoja nikausogeza kwenye sumaku ya spika ya redio mbovu, ukanasa tap. Shaba nyeusi hainasi kwenye sumaku, huo ni waya wa chuma umepakwa rangi ya shaba, na chuma kwa chuma ndani ya chemba ni mikwaruzo. Namshukuru Mungu nilikuwa nimeizungusha mara chache tu.

Bunduki ikabidi isafirishwe mpaka Arusha kwa fundi, na huko inaenda na vibali vyake na mtu wake, sio kitu cha kutupia kwenye basi. Fundi akaingiza kamera ya mtutu tukaona wote kwenye kioo, pete nyeusi imezunguka pale mwisho wa shingo na bado iko nzima, dawa yenu imepita juu yake kama maji juu ya jani la mgomba. Akaipaka mafuta mepesi ya kupenya, akaacha, akazungusha brashi ya shaba nyeusi ya kweli kwa mkono, halafu kitambaa kimebanwa sawasawa kina dawa ya kusugua ya ungaunga, mara chache, anafuta, anaangalia na kamera, anarudia. Hakukimbilia kusugua sana maana pale mbele ukizidisha unakula chuma. Siku mbili mpaka pete ikaisha. Mwisho akakausha chemba mpaka kitambaa kikatoka kikavu kabisa, maana chemba ikibaki na mafuta ganda halishiki ukutani, linarudi nyuma na kuipiga bolti kwa nguvu yote. Kichwa cha risasi kikazama chenyewe kwenye ganda jipya tulilopiga. Kamera ilionesha na vitundu viwili vidogo karibu na mwanzo wa mtutu, fundi anasema ni vipya. Picha nimeziambatanisha hapa na za stika na za lebo ya chini.

Ninachotaka ni hivi. Mnirudishie 118,000 yangu, na 240,000 ya fundi, risiti zote mbili nimeziambatanisha, nauli sidai. Stika zitoeni kwenye kila chupa iliyobaki dukani, leo, sio stoku ikiisha. Na mpigie simu kila aliyenunua hiyo dawa, mnaweza, maana pale kaunta mlichukua nakala ya leseni yangu na kuandika namba yangu kwenye daftari kubwa la bluu, basi na wengine wamo humo. Kuna watu sasa hivi wako porini wanalaza amonia kwenye bunduki zao na asubuhi wanaona bluu wanadhani imekuwa safi, halafu mchana wanaenda kusimama mbele ya nyati. Hili la simu ndio la kwanza, hela yangu inaweza kufuata baadae.

Kijana wenu aliniambia nirudishe chupa zote mbili ndio malalamiko yapokelewe. Nitarudisha ile moja niliyoitoa stika. Ya pili sijaifungua, stika yenu iko juu yake vile vile, hiyo inabaki kwangu mpaka nipate majibu ya maandishi. Nitakuwa Itigi mpaka Jumamosi, baada ya hapo napanda kambini na simu itakuwa haipatikani mpaka wiki ifuatayo.

Mtunza silaha, kambi ya Rungwa
(namba iko kwenye risiti)