Jiji moja, wapangaji wengi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo kuhusu usafiri wa Dar es Salaam, ingawa kwa makaratasi mimi si mkazi wa Dar. Naishi Maili Moja, Kibaha, mkoani Pwani. Kibarua changu kiko Kariakoo. Kila alfajiri napanda daladala hadi Mbezi, naunganisha Kimara, ndipo nipate mwendokasi, yale mabasi yaendayo haraka kwenye njia yake. Majuzi konda alitushusha Kibamba, gari likageuza, na nauli ya Mbezi tulishalipa. Hayo tumeyazoea. Swali langu ni hili: nikitaka safari hii ipangwe vizuri, nibishe hodi mlango upi?

Leseni na nauli za daladala ni LATRA, mdhibiti wa usafiri wa ardhini. Mwendokasi ni Wakala wa DART, chini ya TAMISEMI. Barabara kuu ni za TANROADS, za mitaa TARURA, treni ni TRC, kivuko cha Kigamboni TEMESA. Wilaya tano zina halmashauri tano. Zamani juu yao ilikuwepo Halmashauri ya Jiji, hadi ilipovunjwa Februari 2021 na Ilala ikapewa hadhi ya jiji. Sisemi ile ya zamani ilikuwa na meno, lakini walau palikuwa na meza ya kukutania.

Tazama Mbezi Louis. Mwaka huohuo wa 2021 mabasi ya mikoani yalihamia huko kutoka Ubungo, wakati awamu ya kwanza ya mwendokasi, iliyoanza 2016, ilijengwa kuishia Kimara. Mama anashuka na magunia yake ya mchele kutoka Ifakara, na jiji bado liko mbali.

Nairobi waliunda NAMATA, mamlaka moja ya usafiri wa jiji na majirani zake, mwaka 2017, wakaziingiza humo Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a, kwa kuwa abiria hajui mpaka wa kaunti. Foleni zao hazijaisha, najua. Ila anayetakiwa kuulizwa anajulikana.

Nasi tuunde chombo cha namna hiyo, na wenye daladala wawemo tangu siku ya kwanza, si kuitwa kuelezwa kwamba ruti zao zimefutwa. Hao ndio wanaojua saa ngapi Goba inajaa na wapi watu wanashuka pasipo na kituo. Na tafadhali, ramani ya chombo hicho isiishie Kiluvya, mpakani mwa Dar na Pwani.

Msomaji wako,
Maili Moja, Kibaha