Ng'ang'a si Ng'Ang'A

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie kosa ambalo wengi wetu tunalivumilia kwenye vyeti, risiti na kadi. Majuzi nilipokea karatasi ya matokeo ya mwanangu, nikakuta jina la ukoo wetu limechapishwa "Ng'Ang'A", kila herufi iliyofuata ritifaa (alama ') ikiwa imefanywa kubwa, kana kwamba jina moja ni maneno matatu. Karani niliyemlalamikia alinijibu kwa upole kwamba kompyuta ndivyo inavyoandika.

Mimi huandika programu kila siku, na naweza kusema kwa yakini kwamba kompyuta haijiamulii. Inafuata jedwali la herufi kubwa na ndogo, pamoja na kanuni ya mipaka ya neno, jinsi ilivyoelekezwa. Katika lugha ya kuandikia programu iitwayo Python, amri ya kukuza herufi ya kwanza ya kila neno huhesabu alama yoyote isiyo herufi kuwa mwisho wa neno, na ndiyo sababu ng'ombe hugeuka "Ng'Ombe". Maelezo rasmi ya Python yenyewe yanaitaja kasoro hii na kuonyesha njia ya kuikwepa, kwa hiyo aliyetengeneza mfumo wa kuchapisha matokeo hana udhuru.

Majina ya Kikuyu yanaumia zaidi. Katika jedwali la kale la ASCII, linaloipa kila alama namba yake na lenye alama 128, A ni namba 65 na a ni 97, na kila herufi ndogo imepishana na kubwa yake kwa 32. Hesabu hiyo ilizoeleka, lakini ũ, herufi ya Kikuyu, haimo kabisa katika jedwali hilo. Katika Unicode, jedwali jipya linalokusanya herufi za lugha nyingi, Ũ ni 360 na ũ ni 361, zikipishana kwa 1 tu. Hifadhidata ya SQLite, inayotumika ndani ya simu nyingi, isipoongezewa kitu hubadilisha herufi za ASCII peke yake, na hivyo Mũthoni akiandikwa kwa herufi kubwa hutoka "MũTHONI". Ubaya hauishii kwenye sura ya jina, kwa sababu anayelitafuta kwa kuandika MŨTHONI huambiwa kwamba mtu huyo hayumo, na foleni nyuma yake inasubiri.

Dawa ipo. Katika Emacs, programu ya kuhariri maandishi, mathalani, mtumiaji anaweza kuunganisha herufi kubwa na ndogo yake ndani ya jedwali kwa mstari mmoja wa maagizo, na mahali pengine akaamua kama ritifaa ni sehemu ya neno au alama ya kando. Mazingira mengine nayo yana viongezi vya Unicode ambavyo vinahitaji kuwashwa tu. Hata hivyo, mimi naona lililo bora kwa majina ya watu ni kutoyagusa kabisa, yaani kuyahifadhi na kuyachapisha jinsi mwenyewe alivyoyaandika, na kutumia jedwali kwa ajili ya kutafuta peke yake.

Ninawasihi waandaa programu wenzangu kwamba, kabla ya kukabidhi mfumo wowote wa majina, waupitishie Ng'ang'a, Nyong'o, Mũthoni na Wanjikũ, kisha wasome kwa macho yao kilichochapishwa.

Mwandaa programu,
Nairobi.