Wanaoanza rigresheni wapewe mshumaa na uzi kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu ufundishaji wa rigresheni, yaani njia ya kutafuta mstari unaoonyesha uhusiano wa vitu viwili ili tukijua kimoja tuweze kukadiria kingine. Mara nyingi anayeanza hukabidhiwa kanuni ndefu, au programu ya kompyuta inayotoa jibu papo hapo, akabaki na namba asiyoweza kuieleza.

Mimi huanza na mshumaa uliowashwa mahali pasipo upepo. Wanafunzi huupima kwa rula kila baada ya dakika 10 na kuweka nukta kwenye karatasi ya grafu. Katika zoezi moja, mshumaa wa sentimita 20 ulifikia 19.1, kisha 18.0, 17.2 na 16.1. Hapo kila mmoja huvuta uzi juu ya karatasi yake, akausogeza mpaka upite karibu na nukta zote bila kuulazimisha uguse hata moja, kisha akaandika daftarini urefu anaoutarajia dakika ya 60. Wengi waliandika takribani sentimita 14, na sijapata kuona darasa likiukodolea macho mshumaa kwa makini kiasi kile.

Nyuzi hazilingani, na hapo ndipo penye somo lenyewe. Wanafunzi wakianza kubishana ni uzi wa nani ulio bora, huwaambia wapime umbali wa wima kutoka kila nukta hadi kwenye uzi, wazidishe kila umbali kwa wenyewe, ili wa juu na wa chini usifutane, kisha wajumlishe. Mwenye jumla ndogo ndiye aliyeshinda. Kanuni hiyo ndiyo aliyoichapisha mwanahisabati Mfaransa Adrien-Marie Legendre mwaka 1805, na mwanafunzi aliyeifikia kwa kubishana hana haja ya kuikariri.

Mwisho huwauliza kuhusu dakika ya 250. Mstari wetu ulijibu kwamba mshumaa utakuwa na urefu wa sentimita 4 chini ya sifuri! Mstari haujui kwamba mshumaa huisha. Unajua vipimo vya dakika 40 tu, na anayeutumia mbali na vipimo hivyo anapaswa kuwa na sababu nyingine ya kuuamini.

Nawaomba watunzi wa vitabu vya kiada waliweke zoezi la namna hii kabla ya ukurasa wa kanuni, na walimu wasifungue kompyuta mpaka kila mwanafunzi awe ameuvuta uzi wake mwenyewe.

Wako,
Mwalimu wa Hisabati