Mwache Baba Apumue

Mdogo wangu,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilifurahi: umeokoka, unashuhudia, una moto. Mara ya pili nikafika pale unaposema ulimhubiria Baba wakati wa kula, naye akainuka mezani akaenda kulala bila kukuaga, nikaiweka chini. Unauliza umekosea wapi ilhali kila ulichomwambia ni kweli.

Nikusimulie jambo ambalo kwenye simu nimekuwa nikilikwepa kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza huku nilipangwa zamu ya usiku na mwenzangu mmoja, mpole, msikivu. Nikajiambia, huyu ndiye. Tukikaa kupumzika, nafungua Biblia. Akitaja mtoto wake mgonjwa, nina aya. Akisema amechoka, nina aya. Baada ya wiki chache akaomba abadilishiwe zamu. Hata hakunigombeza. Na yule mtoto, jina lake sikuwahi kuuliza!

Ilipita miezi mingi ndipo tukaanza kusalimiana tena. Safari hii namuuliza hali ya mtoto, kisha nanyamaza nisikie jibu. Juzi kaniuliza mwenyewe kwa nini huwa nainamisha kichwa kabla ya kula. Nikamjibu kwa maneno machache, akaitikia, tukarudi kazini. Ni hayo tu, hadi leo.

Tangu hapo namfikiria sana Nikodemo, yule mkubwa wa Wayahudi katika Injili ya Yohana. Alimjia Yesu usiku na maswali yake, na Yohana hatuambii kwamba aliondoka ameamini. Yesu hakumfuata nyumbani asubuhi yake. Sura ya 7 tunamkuta kati ya wakubwa wenzake akimtetea kwa swali moja la tahadhari. Halafu sura ya 19, wengi wameshakimbia, yeye ndiye anakuja na manemane na udi yapata ratli mia kumzika Bwana. Katikati hapo kulipita nini moyoni mwake? Hatukuambiwa.

Au Monika, mama yake Agostino, yule aliyekuja kuwa mwalimu mkubwa wa Kanisa. Alimsihi askofu mmoja azungumze na mwanawe, askofu akakataa: kijana bado amelewa mafundisho yake mapya, hafundishiki, amwache na kumwombea tu. Agostino alibatizwa mwaka 387, na mama yake akafariki mwaka huohuo. Ningekuwa mimi yule askofu, ningemkimbilia kijana siku ileile na kuharibu kila kitu.

William Carey naye, mmisionari Mwingereza, alifika India mwaka 1793, akambatiza Mhindi wa kwanza mwishoni mwa 1800. Miaka 7! Wewe una miezi mitatu, mdogo wangu.

Sikuambii ufunge mdomo. Baba akiuliza, mjibu, na usilolijua useme hulijui. Asipouliza, kaa naye. Ila usikae naye kama mvuvi anayetazama ndoano. Baba si mtoto, siku akihisi wema wako ni chambo ataumia kuliko alivyoumia kwa mahubiri. Kaa naye kwa sababu ni baba yako.

Na umwombe radhi kwa lile neno la mezani, bila kuongeza "lakini".

Jumapili nitapiga simu. Mpe Baba aanze yeye, nataka anieleze habari za goti lake. Mama mpe shikamoo yangu.

Kaka yako