Toshiko Akiyoshi apewe nafasi yake

Mhariri,

Makala nyingi zinazosimulia historia ya jazi huwataja wanawake kama waimbaji tu, na ndiyo maana ninaomba nafasi katika gazeti lako nimzungumzie Toshiko Akiyoshi, mpiga piano wa Kijapani aliyezaliwa Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China, mwaka 1929.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia familia yake ilirejea Japani, naye akaanza kupiga piano katika ukumbi wa dansi. Mpiga piano mashuhuri wa jazi Oscar Peterson alipomsikia Tokyo, alimshawishi mtayarishaji wa rekodi Norman Granz amrekodi, na mwaka 1956 Toshiko akaenda Boston, Marekani, kusoma katika shule ya muziki ya Berklee, akiwa Mjapani wa kwanza shuleni hapo.

Kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni bendi aliyoiunda Los Angeles mwaka 1973 pamoja na mumewe, mpiga saksafoni Lew Tabackin, kwa kuwa aliitungia na kuipangia muziki yeye mwenyewe, na katika albamu ya Kogun akaingiza ngoma ya Kijapani ya tsuzumi na sauti za Noh, tamthilia ya jadi ya Kijapani, bila kuipunguzia jazi mapigo yake. Bendi hiyo, ambayo baadaye aliijenga upya New York, ilidumu hadi mwaka 2003. Inaniuma kwamba aliteuliwa kuwania tuzo ya muziki ya Grammy mara 14 asipate hata moja, ingawa mwaka 2007 Marekani ilimtunuku NEA Jazz Master, heshima yake ya juu kwa wanamuziki wa jazi.

Gazeti lako litakapoandika tena juu ya jazi, tafadhali limtaje kama mtunzi na kiongozi wa bendi, si kama mgeni wa kustaajabiwa.

Msomaji wako,
Dar es Salaam